Swali Lililozunguka Itungulu

Asubuhi ile mwalimu wa darasa la pili alisimama mbele ya watoto wake akashindwa kumtaja hata mmoja. Aligusa kikumbushi chake nyuma ya sikio, akangoja, akagusa tena. Kimya. Watoto walidhani anawatania, wakacheka, mpaka walipomwona amekaa kitini na kufunika uso kwa viganja. Sokoni, muuza dawa alifunga dirisha lake kwa sababu hakukumbuka nani amekwisha kupewa kidonge gani. Kwenye lango la zahanati baba mmoja alisimama na mtoto mchanga mikononi, akiwauliza wapita njia kama wanamjua mama yake.

Wakati huo Subilaga Mwakyoma, mhandisi wa mtandao wa mji, alikuwa amepiga magoti mbele ya kabati la swichi, akitazama taa. Siku za kawaida taa zile ziliwaka na kuzimika kama watu wanaopokezana maneno. Leo zote zilikuwa zinawaka bila kupumzika.

Itungulu ulikuwa mji wa wasahaulifu. Tangu homa ya ukungu ilipopita milimani enzi za babu zao, watu walizaliwa wazima na kukua wazima, lakini kumbukumbu zao zilivuja. Ndiyo maana kila mmoja alivaa kikumbushi. Ukikwama, kikumbushi chako kilituma mwito kwa wote: nani anakumbuka jambo hili? Mwito uliingia kwenye kila kikumbushi cha upande wenu wa mji. Wasiohusika hawakusikia chochote. Aliyekuwa na kumbukumbu hiyo alijibu, na kujibu hakukuwa maneno matupu. Kwa kitambo kifupi aliliishi tena jambo lile, harufu yake na furaha yake, na aliyeuliza aliliishi pamoja naye.

Subilaga alichomeka kifaa chake cha kusikilizia na kuanza kuisoma miito iliyokuwa ikipita. Alitarajia kuona maswali ya mji mzima yamesongamana. Badala yake aliona swali moja. Lilipita, likapita tena, likapita tena, neno kwa neno, kwa wingi usiohesabika, na maswali ya watu wengine yalikuwa yamebanwa katikati yake kama vidole mlangoni.

Mume wangu yuko wapi?

Akatazama anwani ya aliyeuliza. Ilitoka Ng'ambo, upande wa pili wa mto, katika nyumba walikotunzwa wale ambao ugonjwa umewala zaidi. Jina lililoandikwa mbele ya anwani ile alilijua. Alikuwa amelijua kwa miaka yote ya ndoa yake, ingawa halikutajwa nyumbani kwake hata siku moja.

Sekela Mwaipaja. Mke wa kwanza wa mumewe.

*

Bwana Kyando, mkuu wa ofisi ya mtandao, alikuwa mtu mwenye haraka hata siku ambazo hakukuwa na haraka. Alitaka kujua kwa nini mgonjwa mmoja anaweza kuuzima mji. Subilaga alimweleza. Kati ya mji na Ng'ambo kulikuwa na sanduku moja lililoitwa daraja, na kazi yake ilikuwa kupitisha maneno kutoka upande huu kwenda upande ule. Daraja hujifunza nani anakaa wapi. Jibu lililoandikiwa mtu mmoja halilipeleki kusikohusika. Lakini mwito wa wote hauna mwenyewe, hivyo huupitisha tu. Maswali ya mji yaliruhusiwa kwenda Ng'ambo bila kizuizi. Ya Ng'ambo yalichujwa, yakapita yale tu yaliyowahusu ndugu, kwa sababu wagonjwa wale waliuliza mchana kutwa na wangewachosha wazima.

"Sasa huyu ni ndugu wa nani?" aliuliza Kyando.

"Hana ndugu upande huu," alisema Subilaga. "Aliachika."

Kyando alisema basi jambo ni rahisi. Wauguzi wakizime kikumbushi cha mwanamke huyo, mji upumue, mengine yatatafutwa baadaye.

Subilaga alijua kwamba haitasaidia. Swali likishaingia kwenye mzunguko halimhitaji tena aliyeliuliza. Vifaa huendelea kulirushiana vyenyewe kwa vyenyewe, kwa maana hakuna kinachohesabu limepita mara ngapi. Hilo ni jambo alilowafundisha vijana wa ofisi katika wiki yao ya kwanza. Lakini maneno yale manne, mume wangu yuko wapi, yalikuwa bado yanapita mbele ya macho yake, na kila yalipopita yalimchoma mahali palepale. Wangu. Mwanamke yule alisema wangu, na mji mzima ulikuwa umelibeba neno lake.

Hakumjibu Kyando kwamba haitasaidia. Alichukua simu akawaambia wauguzi wa Ng'ambo wakizime.

Taa hazikupungua hata kidogo. Swali liliendelea kuzunguka bila muulizaji. Baada ya muda muuguzi alipiga simu akasema Sekela ameanza kupapasa kuta kama kipofu, hajui yuko wapi wala yeye ni nani, na kama hakuna ulazima wamwashie. Subilaga alisema wamwashie. Aliiweka simu chini akabaki ameitazama. Alikuwa amemzima mtu kwa ajili ya neno moja, na alikuwa amefanya hivyo akiwa na akili zake zote.

*

Alirudi kwenye kazi jinsi alivyopaswa kuianza. Alifungua orodha ya daraja, ile inayoonyesha kila anwani iko upande gani, akaona alichokiogopa. Anwani ya Sekela ilionekana Ng'ambo, mara ikaonekana mjini, mara Ng'ambo tena, kana kwamba mwanamke yule anavuka mto na kurudi kila anapopumua. Mtu hawezi kukaa pande mbili. Maana yake ilikuwa moja tu: mahali fulani palikuwa na daraja la pili. Swali lilivuka kwa daraja la siri likaingia mjini, likarudi Ng'ambo kwa daraja la halali, likavuka tena.

Kilichomsumbua ni kwamba madaraja yakiwa mawili husalimiana. Kila moja hutangaza lipo, yakakubaliana moja lifanye kazi na jingine likae kimya mpaka mwenzake afe. Mitandao yote hujilinda hivyo. Hili lilikuwa halisalimii. Aliyeliweka alikuwa amezima salamu zake kwa makusudi, ili lisijulikane.

Basi akaanza kuchomoa waya wa mtaa mmoja mmoja. Alichomoa wa sokoni, taa zikabaki vilevile, akaurudisha. Akachomoa wa shule. Akachomoa wa zahanati, akaurudisha upesi. Alipochomoa wa Mtaa wa Mifereji, taa zote zilitulia kwa pamoja, na chumba kikawa kama kimevuta pumzi.

Mtaa wa Mifereji ndio aliokaa yeye.

Aliuacha waya umechomolewa, akachukua mkoba wake wa vifaa na kwenda kwa miguu. Hakuhitaji kupima nyumba za majirani. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na banda ambamo mumewe, Ambwene, fundi wa pampu za maji za mji, aliweka mabomba na vyuma vyake. Nyuma ya makopo ya rangi alilikuta sanduku, daraja la kizamani lililokwisha kuondolewa kazini, na waya mpya umetoka humo ukafuata bomba la maji kuteremka mtoni. Ulikuwa umefungwa kwa unadhifu, fundo baada ya fundo. Kazi ya mtu aliyejali.

Ambwene alikuwa amesimama mlangoni mwa banda. Labda alimwona akipita dirishani. Hakukimbia wala hakuuliza anatafuta nini.

Subilaga alikumbuka, bila kuhitaji kikumbushi, nani aliyemfundisha mwanamume huyu madaraja hufanyaje kazi. Ilikuwa enzi za uchumba. Walikaa kwenye ngazi za ofisi, yeye akimchorea visanduku mchangani kwa kijiti, na Ambwene akiuliza maswali mengi kuliko aliyohitaji kwa sababu alitaka kuendelea kukaa. Zawadi ile ya maarifa ndiyo aliyoitumia kulificha daraja hili.

"Tangu lini?" aliuliza.

Ambwene alisema waya alimaliza kuuunganisha alfajiri ya leo. Kabla ya hapo hakuhitaji waya. Alikuwa fundi wa pampu za Ng'ambo pia, na alipokuwa kazini kule kikumbushi chake kilihesabiwa ni cha upande ule, kwa hiyo Sekela alipouliza, yeye alisikia akajibu. Mwezi huu pampu zile zikakabidhiwa fundi mwingine. Alivumilia alivyoweza. Hakujua kwamba mji mzima utaumia. Alifikiri akizima salamu ndiyo basi, kifaa kitakaa kimya.

"Huwa anakuuliza nini?"

"Mambo madogo," alisema Ambwene. "Nyumba yetu ilikuwa na rangi gani. Mvua ya siku ya harusi. Hakuna mtu mwingine aliyekuwapo, Subi. Nisipomjibu mimi, hayo hayapo tena duniani."

"Na akiuliza mume wake yuko wapi?"

Ambwene aliutazama waya uliofuata bomba kuteremka mtoni.

"Nilikuwa namjibu niko njiani," alisema.

Sekela ndiye aliyedai talaka, ugonjwa ulipomzidi, ili Ambwene asizeeke kando ya kitanda chake. Mji mzima ulijua hivyo. Ila Sekela mwenyewe alikuwa amesahau. Kila alipouliza alikuwa mke anayemngoja mumewe achelewaye, na kila alipojibiwa, Ambwene alikuwa mume huyo, kwa kitambo kifupi, na moyo wake wote. Kisha alirudi nyumbani kwa Subilaga akanawa mikono akakaa mezani.

"Kwa nini hukuniomba?" Sheria ilikuwa wazi. Kumbukumbu za ndoa iliyopita hujibiwa kwa ridhaa ya mwenzi wa sasa, kwa sababu anayejibu huliishi tena jambo.

"Niliogopa ungekataa."

"Ningekataa," alisema Subilaga, akaung'oa waya.

*

Kabla ya mchana kuisha mji ulikuwa umerudiwa na akili zake. Mwalimu aliita majina darasani moja baada ya jingine na watoto wakaitikia kwa kelele kubwa kuliko kawaida. Kyando alimpongeza Subilaga mbele ya ofisi nzima, kisha akamwita kando akauliza daraja lile lilikuwa la nani. Subilaga alimwambia ni la mume wake. Kyando alikuna kidevu. Alisema Ambwene atasimamishwa kazi ya pampu kwa kipindi, hilo halikwepeki. Kuhusu yule mgonjwa, ofisi haina la kusema; njia ya halali ipo, na ridhaa ni ya Subilaga peke yake. Akitaka atoe, asipotaka asitoe, hakuna atakayemlaumu.

Afadhali wangemlaumu. Siku zilizofuata alijikuta kila mara amekaa mbele ya daraja la halali, akisoma maswali ya Sekela yakifika kwenye chujio na kufia hapo. Alijiambia anakagua. Ukweli ni kwamba alikuwa anamchungulia mwanamke mwenzake. Yule aliyekuwa na shela lenye shanga alikuwa nani? Tulicheka nini siku ile? Kwa nini tulihama? Alipolisoma swali lisilo na jibu alihisi ushindi mdogo, na baada ya ushindi alijionea aibu.

Nyumbani hali ilikuwa mbaya zaidi. Ambwene hakulalamika. Alikaa barazani akinoa visu visivyohitaji kunolewa, na Subilaga kila alipomtazama alijiuliza sasa hivi yuko kwenye nyumba ya rangi gani. Aling'amua kwamba waya aliweza kuung'oa, lakini yaliyokuwa kichwani mwa mumewe hayakuwa na mahali pa kuchomolea.

Mwishoni alivuka mto kwenda Ng'ambo. Hakumwambia mtu.

Alikuwa amemtengeneza Sekela akilini kwa miaka, akamfanya mrefu, mwenye shingo ndefu na sauti nzuri. Aliyemkuta ni mwanamke mfupi, nywele zimesukwa vizuri na wauguzi, amekaa juani akimenya maharage mabichi. Aliinua uso akatabasamu, tabasamu la mtu aliyezoea kutomjua anayeingia.

"Karibu, dada. Tunafahamiana?"

"Hapana, dada. Hatujakutana."

"Afadhali," alisema Sekela. "Nilidhani nimekusahau."

Subilaga alivuta kigoda akachukua fungu la maharage akaanza kumenya naye. Walizungumza juu ya baridi, na juu ya muuguzi mmoja anayeimba vibaya. Sekela alisimulia kwamba mume wake ni fundi wa maji, anakuja, ila siku hizi anachelewa sana. Kila baada ya maneno machache aligusa nyuma ya sikio, akangoja, akashusha mkono. Subilaga alijua mkono ule unaposhuka ni taa gani inayowaka kwenye daraja, na ni sheria gani inayoiwasha.

Kisha Sekela akamuuliza kama ameolewa. Alisema ndiyo.

"Mumeo anaitwaje?"

Angeweza kutaja jina lolote. Mwanamke yule asingejua, na kesho asingekumbuka hata kwamba ameuliza. Lakini aliona kuwa akidanganya atakuwa anafanya kama alivyofanya Ambwene, na kwa Ambwene jambo lile ndilo lililomuudhi kuliko yote.

"Ambwene," alisema. "Ambwene yuleyule, dada. Mliachana kwa kutaka kwako. Baadaye akanioa mimi."

Vidole vya Sekela vilisimama. Alimtazama Subilaga taratibu, kuanzia kitambaa cha kichwani, mikono, mpaka viatu, na Subilaga aliutambua mtazamo ule. Ndio ambao yeye mwenyewe alikuwa akimtazama nao Sekela akilini miaka yote bila kumwona. Kwa mara ya kwanza uso ule haukuwa na tabasamu la kukisia. Ulikuwa uso wa mtu anayejua jambo.

"Unampikia ndizi zilizoiva?" aliuliza Sekela.

"Kila Jumapili."

"Hazipendi," alisema Sekela. "Hajawahi kuzipenda." Akarudi kwenye maharage yake, akayamenya kwa nguvu kidogo, na hakusema naye tena.

*

Njia nzima ya kurudi Subilaga alikuwa anawaka. Alimkuta Ambwene jikoni, akamuuliza kabla hajavua viatu kama anapenda ndizi zilizoiva. Ambwene alishangaa, akaweka chini alichoshika, akasema hapana. Lakini yeye Subilaga anazipenda sana, na akila hufumba macho, na yeye Ambwene hupenda kumwona akifumba macho. Ndiyo maana hakusema.

Subilaga alikaa kwenye kiti. Alitaka kukasirika na hakujua aanzie wapi. Hatimaye alimwambia kwamba atatoa ridhaa. Ambwene atajibu maswali ya Sekela kwa daraja la halali, mchana kweupe, na yeye Subilaga ataumia kila atakapomwona amenyamaza ghafla mezani, na hatajifanya haumii. Sharti lake lilikuwa moja. Asimwambie tena yuko njiani.

"Ukweli utamuumiza," alisema Ambwene.

"Utamuumiza. Nimeuona ukweli ukimuumiza."

Siku ya pili aliliandika jina la Ambwene kwenye chujio la daraja. Baada ya kusitasita aliandika chini yake jina lake mwenyewe, bila kujua hasa kwa nini. Aliangalia taa kwa muda. Zilipokezana kwa utulivu, kila swali likivuka mara moja na kupotea.

Alikuwa bado ameshika bisibisi kikumbushi chake kilipomgusa nyuma ya sikio. Swali lilitoka Ng'ambo. Halikumhusu Ambwene, maana Ambwene hakuwapo siku ile.

Kuna mwanamke alikuja tukamenya maharage. Nimebaki na hasira naye na sijui kwa nini. Nani anamjua?

Subilaga aliishusha bisibisi. Hakuna mtu mwingine katika Itungulu yote aliyekuwa na kumbukumbu ile. Angenyamaza, hasira ile ingezimika yenyewe ifikapo jioni, na Sekela angerudi kumngoja mumewe kwa amani. Ungekuwa wema, na mtu yeyote angeuita hivyo. Lakini alijua maana ya kubeba wivu kwa miaka na kuambiwa kwamba hakuna kitu. Mwanamke yule alikuwa amenyang'anywa karibu kila alichokuwa nacho. Wivu huu ulikuwa wake.

Alifumba macho akamjibu yote. Jua la uani, maganda ya maharage, jina lililotajwa, na namna uso wake Sekela ulivyopendeza alipokasirika.